Mkwaju Mmoja, Sinia Moja: Kindi Alivyotaka Kuvunja Amani ya Nyumba Nzuguni

Kuna nyumba moja Nzuguni, Dodoma, ukipita nje unaiona ya kawaida tu. Geti jeusi, ukuta wa tofali, tenki la maji juu ya mnara. Kitu pekee kinachoitofautisha na za jirani ni mkwaju mkubwa uliosimama katikati ya uwanja, pale ambapo watu wengine wangeegesha gari.

Mkwaju huo ulishaponea chupuchupu mara mbili. Mara ya kwanza wakati wa kujenga, fundi aliposema mizizi itapasua msingi. Mara ya pili mwaka jana, mama mwenye nyumba alipotaka kumwaga zege na kupanga tofali za pevingi uwanja mzima, maana vumbi la Dodoma kipindi cha upepo halina adabu. Mara zote mbili aliyeuokoa ni mzee mmoja asiyependa maneno.

Ndani ya nyumba hiyo wanaishi watu wanne. Baba mwenye nyumba, ambaye kazi zake ni za kusafiri safiri. Mke wake, mtumishi wa umma, mtoto wa mjini aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, akahamia Dodoma wizara yake ilipohama. Binti yao wa miaka minane. Na mzee, baba mzazi wa mwenye nyumba, Mgogo wa hapo hapo, aliyezaliwa kabla hapajaitwa mtaa, kabla hapajawa na namba za viwanja.

Mzee alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mkewe. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alinyamaza. Asubuhi anatoka chumbani, anawaamkia "Mbukwenyi", anakunywa uji, anabeba kigoda chake hadi chini ya mkwaju, na hapo ndipo imetoka. Mpaka jua linazama.

Mkamwana alihangaika. Akamnunulia redio, ikakaa kwenye boksi. Akamwekea king'amuzi chenye chaneli zote za mpira, mzee akaangalia dakika kumi akalala. Akampikia mlenda kwa mikono yake mwenyewe, mtoto wa Temeke huyo, na mzee akala akasema ahsante mwanangu. Basi. Ahsante na kimya.

Usiku mama anamwambia mumewe: "Baba atakufa hivi hivi tunamwangalia."

WAGENI WA ASUBUHI

Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekolea. Anayeijua Dodoma anaelewa. Mvua za huku ni za msimu mmoja tu, zinaanza Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 570, halafu basi. Kufika Septemba nchi yote imekuwa rangi moja, rangi ya udongo. Siku hiyo mzee akaomba kitu kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

"Mama, nitafutie sinia la zamani. Na mtama kilo moja."

"Mtama wa nini Baba? Unataka ugali wa mtama?"

"Wa wageni."

Akalitundika lile sinia kwa kamba kwenye tawi la chini, akamwaga mtama viganja viwili, na chini akaweka sufuria iliyotoboka mpini, imejaa maji. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili wakaja shomoro watatu. Wiki ilipoisha, uwanja ulikuwa sokoni: tetere wanaotembea kama wamevaa suti, chiriku wadogo wasiotulia, mnana wa manjano wenye kelele, kwenzi wanaong'aa bluu kifuani rangi ya kutu. Siku moja moja wanatua hata wale kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano, ambao asili yao ni nyanda hizi hizi za kati za Tanzania na si kwingine popote.

Na mzee akaanza kuongea. Si na watu, na mjukuu wake.

"Unamwona yule, mke wangu? Yule ndiye bwana harusi. Koti lake la manjano ni la msimu tu, mvua zikiisha analivua."

Binti anacheka: "Babu, mimi si mke wako!"

"Haya, mchumba wangu."

Siri yenyewe ilikuja kujulikana polepole. Marehemu bibi ndiye aliyekuwa na tabia hiyo. Kila akipeta mtama kwenye ungo, zile chenga anawatupia ndege. Na kwa miaka zaidi ya 40 mzee alikuwa akimgombeza: "Wewe mwanamke, unawalisha wezi!" Maana mzee, kama watoto wote wa Kigogo wa umri wake, utoto wake aliumaliza juu ya kichanja katikati ya shamba, ana kombeo mkononi, anaamia ndege kuanzia alfajiri mpaka giza. Ukisinzia, kundi la kwelea kwelea linashuka, na mtama wa familia nzima umekwenda. Kwake ndege na njaa vilikuwa ndugu.

Sasa mkewe hayupo, na yeye ndiye anayelisha wezi. Mkamwana aliposikia hayo, aliingia jikoni akajifanya anakata vitunguu.

MBABE ANAINGIA

Novemba akaja kindi.

Wengine humwita kuchakuro. Nchini mwetu wapo wanaoishi mitini na wapo wanaochimba mashimo ardhini. Huyu alikuwa wa mitini, rangi ya udongo wa Dodoma, mkia kama brashi ya kufagilia utando. Siku ya kwanza nyumba nzima ilimshangilia. Binti akampiga picha kwa simu ya mama yake. Kashika punje kwa mikono miwili, anatafuna haraka haraka kama mtu aliyechelewa daladala.

Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Kindi alikuwa amekaa katikati ya sinia, na hakuna ndege aliyeruhusiwa kutua. Tetere akijaribu, kindi anatikisa mkia, anatoa sauti kali ya kugonga gonga, kisha anamrukia. Mara moja alibaki na manyoya ya mkia wa tetere mdomoni. Kwenzi, ambao kwa kawaida ndio wababe wa uwanja, walijaribu kumchangia watatu wakaishia kurudi ukutani. Na ajabu yake ni kwamba hakuwa akila vyote. Anakula kidogo, anabeba kinywani, anakimbia kuchimbia chini ya ukuta, anarudi mbio kulinda sinia.

Kwa kweli kindi hana roho mbaya kuliko mnyama mwingine. Chakula kikiwa kimetawanyika porini, punje moja hapa na nyingine kule, hakuna cha kugombania. Ila kikiwekwa chote mahali pamoja, kila siku, saa ile ile, hapo unakuwa umemtengenezea mtu ufalme. Meno yake ya mbele yanakua maisha yake yote, hivyo kutafuna kwake ni lazima. Na kuficha akiba ndiyo benki yake ya kiangazi. Lakini nani alikuwa na muda wa kumwelewa?

Desemba mvua za kwanza zikanyesha, na mnana wakaanza kusuka viota kwenye ncha za matawi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi moja binti alikuwa anapiga mswaki nje akamwona kindi amening'inia kichwa chini kwenye kiota, anakipasua. Akatoa kinda, bado hajaota manyoya, akamla pale pale mbele ya mama yake anayepiga kelele.

Wengi hudhani kindi ni mla karanga na matunda tu. Hapana. Mayai na makinda ni nyama, na akipata hakatai.

Binti alilia siku nzima. Shuleni hakwenda. Na mama yake, ambaye hiyo nyumba alikuwa ameiona ikifufuka kwa miezi mitatu, akakasirika hasira ya kweli. Huyu ni mtoto wa Dar. Amekua akiwaona kunguru weusi, wale ambao asili yao ni India, waliofikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakavuka kuja bara, wakawamaliza ndege wadogo kwa kula mayai yao na kupora mpaka vifaranga uani. Kwao kunguru huwa hapewi mjadala. Machoni pake, kindi alikuwa kunguru mwenye mkia.

"Huyu dawa yake naijua," akasema.

SUMU HAINA MACHO

Mume alikuwa safarini. Jumamosi jioni mama akapitia kwa machinga wa sumu ya panya, akanunua kipakti. Usiku, mzee amelala, akaponda karanga, akachanganya, akaziweka kwenye kifuniko cha ndoo juu ya ukuta, kwenye njia anayopita kindi. Akanawa mikono, akalala usingizi mtamu.

Asubuhi binti aliingia jikoni amebeba kitu kwa mikono miwili.

"Mama, huyu ndege kalewa."

Alikuwa tetere. Shingo imepinda, macho yanafunga na kufunguka. Chini ya ukuta walikuwapo wengine wawili wameshakufa, pamoja na kwenzi mmoja. Kifuniko kilikuwa kimepinduliwa na karanga zimemwagika uwanjani, pale pale binti anapochezea. Na juu ya mkwaju, mzima wa afya, kindi anagonga gonga kama kawaida.

Mama hakumbuki alivyofika bombani. Alimsugua mtoto mikono kwa sabuni mpaka ikawa mekundu, akimuuliza kwa sauti ya kutetemeka: "Umeweka mkono mdomoni? Umekula kitu? Niambie ukweli!" Akapanda naye bodaboda hadi zahanati. Wakamkagua, wakamweka chini ya uangalizi, jioni wakamruhusu. Hakuwa amekula chochote. Lakini zile saa tano za kukaa kwenye benchi, mama alizeeka.

Aliporudi alikuta mzee amefukia ndege wote wanne, amefagia karanga zote, moja moja, amezichoma. Sinia limeshushwa. Limeoshwa. Limeegemezwa ukutani likiwa tupu.

Akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Ni mimi."

Mzee akaitikia kwa kichwa tu. Kisha kimya kile cha zamani kikarudi. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ndege wanatua kwenye tawi, wanatazama mahali sinia lilipokuwa, wanaondoka.

Siku ya nne jioni, mzee akamwita.

"Kaa, mwanangu. Nikuambie kitu. Nilipokuwa kijana, kwelea kwelea walitumaliza. Tukaomba msaada, ikaja ndege ya kumwaga dawa. Jioni ikapita juu ya miti wanakolala. Tulishangilia, tulicheza ngoma. Asubuhi tukaenda kuangalia. Walikuwa chini kama majani. Lakini katikati yao tukakuta bundi. Mwewe. Tetere. Na wale bundi ndio waliokuwa wanatulia panya ghalani." Akanyamaza kidogo. "Sumu haina macho, mwanangu. Wewe unaituma kwa mmoja, yenyewe inakwenda kwa yeyote."

Mama analia. Mzee akaendelea, na hii ndiyo sehemu ambayo mpaka leo mama akisimulia sauti inakatika.

"Na huyu kindi unayemwita mvamizi, alikuwa hapa kabla ya huu ukuta. Hapa palikuwa na mikwaju, migunga na mibuyu. Baba yangu alilima kule lilipo duka la vifaa vya ujenzi. Wakaja wapimaji, wakapiga vigingi, likawa jiji. Sikatai jiji, wajukuu wangu wanasoma. Lakini kindi kabakiwa na mti mmoja. Na mimi pia nimebakiwa na mti mmoja. Mtu aliyebakiwa na mti mmoja lazima awe mkali."

Hapo mama ndipo akaelewa kwamba habari ya pevingi mzee aliisikia yote.

Ukitaka kumwelewa mzee, tazama hesabu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini mji uliendelea kupumua taratibu kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu wote hao wanahitaji mahali pa kulala, na mahali hapo jana palikuwa pori la mtu, au la kindi.

SHANGAZI WA MINNESOTA

Suluhisho lilikuja kwa WhatsApp. Dada yake mume anaishi Minnesota, Marekani, miaka mingi. Alipopiga video kumsalimia baba yake akasimuliwa mkasa wote, badala ya kulia akaanza kucheka.

"Kindi? Yaani mmeingia kwenye vita ya Wazungu! Huku kila jirani ana ugomvi na kindi. Kuna maduka yanauza vyombo vya kulishia ndege vinavyojifunga vyenyewe kindi akikanyaga, na kindi anajifunza kuvifungua."

Akawaambia pia kwamba afadhali wao kindi wao ni mwenyeji. Uingereza walileta kindi wa kijivu kutoka Marekani mwaka 1876 wakawaachia kwenye mashamba ya matajiri kama mapambo, na leo kindi wekundu wa asili wamebaki sehemu chache tu, maana mgeni alikuja na ugonjwa unaowaua wenyeji wake.

Kisha akatoa siri. "Wekeni pilipili."

"Pilipili? Si utawachoma ndege midomo?"

"Ndege hasikii ukali wa pilipili, wifi. Mwili wake haukuumbwa kuusikia. Anayesikia ni mnyama: mimi, wewe, panya, kindi. Huku wanauza mpaka mtama uliochanganywa tayari."

Na ndivyo ilivyo kweli. Ndio maana porini ndege wanakula pilipili wakiwa wamestarehe na kwenda kuzidondosha mbegu mbali. Mmea umewachagua wao.

Kesho yake mzee, mkamwana na mjukuu, wote watatu, walikaa kwenye mkeka wakatwanga pilipili kichaa kavu kwenye kinu. Walipiga chafya mpaka jirani akauliza kuna nini. Wakaichanganya na mtama pamoja na tone la mafuta ya alizeti ili ishike. Sinia likarudi juu, safari hii kwa waya mrefu, mbali na shina.

Tetere wakala. Chiriku wakala. Kindi akaruka, akatua, akajaza kinywa. Sekunde mbili. Tatu. Akatema, akafuta mdomo kwenye waya, akapiga chafya, akapanda mkwaju akitukana kwa lugha yake. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Na mzee akacheka. Kicheko chenye sauti. Mkamwana anasema hakuwahi kukisikia kabla ya hapo.

Lakini mzee hakuishia hapo. Akachukua kifuniko kingine, akakipigilia kwenye kona ya mbali ya ukuta, akaweka humo kokwa za maembe, kipande cha muhindi, na karanga chache zisizo na kitu.

"Baba, unamlisha tena?"

"Mwenyeji hafukuzwi. Anapangiwa mahali."

Ikafanya kazi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ukigawanya chakula sehemu mbili au tatu, kidogo kidogo, ugomvi unapungua, maana hakuna wa kulinda pote kwa pamoja. Kindi bado anawatisha tetere siku moja moja, kwa mazoea tu. Viota viwili vya mnana vilipotea tena kabla mvua hazijaisha. Vingine vilitoa makinda, na binti aliyahesabu kwenye daftari la hesabu, mwalimu akamuuliza haya ni mazoezi gani.

Mzee alimweleza mjukuu wake jambo jingine pia: mwezi mgumu kwa ndege wala mbegu si wa kiangazi kikali, ni Januari, mvua ikishanyesha. Mbegu zote zilizokuwa ardhini zimeota, na majani mapya bado hayajazaa. "Kama sisi zamani," akasema. "Ghala limeisha, shamba bado bichi. Ndio miezi bibi yako alikuwa anamwaga chenga nyingi zaidi. Mimi nilidhani hana akili."

Mwezi Mei fundi wa pevingi alikuja. Tofali zikapangwa uwanja mzima, vumbi likaisha, mama akafurahi. Ila katikati liliachwa duara kubwa la udongo, na ndani ya duara mkwaju, na chini ya mkwaju kigoda. Fundi alipouliza gari litageuzia wapi, mama mwenyewe ndiye aliyejibu.

"Gari litalala nje. Huo mti una watu wake."